Hatukuja Kuombewa Tu: Barua ya Wazi kwa Wachungaji na Wazee wa Kanisa

Kwa: Mchungaji Kiongozi, Baraza la Wazee, na wote wanaopanga zamu za huduma

YAH: WAUMINI WENYE ULEMAVU NA UDHAIFU MWINGINE KUNYIMWA NAFASI YA KUMTUMIKIA MUNGU

Baba Mchungaji, wazee wetu wapendwa,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia hadharani kwa sababu faraghani nimekwisha kusema. Nilianza kwa kiongozi wa idara ya uhubiri. Nikaenda kwa mzee anayepanga zamu, safari hiyo nikiwa na ndugu wawili wa kushuhudia. Kisha nikaliandikia Baraza. Kote nilipokewa kwa upole, nikaombewa, nikasindikizwa hadi mlangoni, na hakuna kilichobadilika. Mathayo 18 inatufundisha kumwendea ndugu yetu tukiwa wawili tu, kisha pamoja na mashahidi, na asiposikia, kuliambia kanisa. Nimefika hatua hiyo ya tatu.

Siandiki kwa niaba yangu peke yangu. Yumo dada asiyeona, yumo kijana kiziwi, yumo ndugu anayetumia kiti cha magurudumu, na yumo mama ambaye hakupata kwenda shule. Wameisoma barua hii, au wamesomewa, au wametafsiriwa kwa ishara, na wameridhia kila neno. Majina hatukuyaweka kwa makusudi. Ninyi mnatujua, na asiyetujua hayahitaji.

Niweke wazi tangu mwanzo: hatulalamiki kwamba hatupendwi. Tunasalimiwa vizuri, tunashikwa mkono, tunakumbukwa misaada inapogawiwa. Tunachonyimwa ni kazi. Kila mwaka mpya tunahubiriwa kwamba Mungu hawaiti wenye uwezo bali huwawezesha aliowaita, na sisi tunaitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu tunadhani tunasemwa sisi. Ibada ikiisha, orodha ya zamu hubandikwa ukutani na hatumo.

Yanayotusumbua ni haya.

1. Tumefundishwa, tumefaulu, hatupangwi.

Hapa nitajisemea. Nina kigugumizi tangu utotoni. Nilipoomba kuingia mafunzo ya wahubiri walei mlinipokea. Nikasoma na wenzangu, nikafanya mitihani, nikahubiri mbele ya wakufunzi huku nikikwama na kuendelea, na wakanipa alama za kufaulu. Siku ya kuwekewa mikono nilipigiwa makofi mengi kuliko mtu yeyote. Tangu siku hiyo jina langu halijawahi kupangwa hata kwa ibada ya asubuhi ya katikati ya juma, ile ambayo wahubiri wengine huikwepa. Nilipouliza niliambiwa kwamba mnaendelea kuliombea jambo langu. Baadaye mzee mmoja akaniambia kwamba siku hizi ibada zinarushwa mtandaoni, na watu wasiotufahamu wanatazama. Namshukuru kwa hilo la pili, kwa maana lilikuwa la kweli.

Basi tufungue Kutoka sura ya 4. Musa anamwambia Mungu, "mimi si mwepesi wa kusema, na ulimi wangu ni mzito." Jibu analopewa tunalijua kwa moyo: "Ni nani aliyefanya kinywa cha mwanadamu? Au ni nani afanyaye mtu kuwa bubu, au kiziwi, au mwenye kuona, au kuwa kipofu? Si mimi, Bwana?" Mahubiri mengi huishia hapo. Naomba tusogee mbele kidogo, maana mambo matatu yanafuata. La kwanza, Mungu hamponyi Musa ulimi. Angeweza; muda mfupi kabla ya hapo ameutia mkono wake ukoma na kuusafisha papo hapo. Anauacha ulimi ulivyo. La pili, anampa msaidizi, Haruni, aseme pale itakapohitajika. La tatu ndilo ambalo viongozi wetu wanalipita: fimbo inabaki mkononi mwa Musa. Haruni hakupewa nafasi ya Musa kwa sababu anasema vizuri zaidi. Yule fundi wa kusema, tukiwa wakweli, ndiye aliyewatengenezea watu ndama wa dhahabu, na yule mwenye ulimi mzito ndiye ambaye hotuba zake zimejaza karibu kitabu chote cha Kumbukumbu la Torati.

Paulo naye alisemwa. Wakorintho walisema nyaraka zake ni nzito, "bali akiwapo mwenyewe mwilini ni dhaifu, na maneno yake si kitu." Angeomba zamu kwetu, sijui angejibiwa nini. Na huko St. Gallen, katika nchi ambayo leo ni Uswisi, aliishi mtawa aliyeitwa Notker, aliyefariki mwaka 912, ambaye jina lake la utani mpaka leo ni la kigugumizi chake: Notker Balbulus. Ndugu zake wa monasteri hawakumficha. Aliwafundisha vijana, na tenzi alizotunga ziliimbwa katika ibada za Ulaya kwa karne nyingi.

Kwa wasiotujua, niseme jambo moja la kweli kuhusu kigugumizi. Neno tunalo, tunajua tunachotaka kusema. Kinachokwama ni kulitoa. Wengi wetu hatukwami tunapoimba, wala tunaposoma pamoja na wengine kwa sauti moja, ndiyo maana katika Sala ya Bwana hakuna anayeweza kunitambua. Kinachotusaidia ni muda, na msikilizaji asiyetumalizia sentensi. Mahubiri yangu ya dakika ishirini yatachukua dakika thelathini. Wapo wahubiri wetu wasio na kigugumizi ambao ya dakika ishirini huyamaliza kwa saa nzima, na bado wana zamu.

2. Tunaitwa mbele kuombewa, hatuitwi kutumika.

Dada yetu asiyeona anakuja ibadani kwa sababu ni Jumapili, kama ninyi. Hata hivyo, kila anapofika mgeni mwenye huduma ya uponyaji, wahudumu humshika mkono bila kumuuliza na kumpeleka mbele. Akirudi bila kuona, huanza minong'ono kuhusu imani yake. Mara moja aliambiwa waziwazi kwamba kuna dhambi ya ukoo haijatubiwa. Swali hilo wanafunzi walikwisha kumuuliza Yesu katika Yohana 9, nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, na akawajibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Sielewi kwa nini swali lililofungwa na Bwana mwenyewe hufunguliwa tena na sisi kila kongamano.

Hatuyapingi maombi ya uponyaji. Wengine wetu tunayaomba wenyewe, tukiwa peke yetu. Tunachokataa ni uponyaji kufanywa sharti la utumishi. Elisha, aliyemtakasa Naamani ukoma, aliugua ugonjwa uliomuua, na akiwa katika ugonjwa huo huo alimtabiria mfalme Yoashi ushindi kwa mishale. Timotheo alikuwa na tumbo bovu na magonjwa ya mara kwa mara, na Paulo hakumwambia aache kuchunga kanisa hadi apone. Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba umtoke, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Jibu hilo lilikuwa hapana, na utume wake uliendelea.

Dada huyu aliomba jambo dogo, kusoma masomo ya Jumapili. Anasoma nukta nundu kwa vidole vyake, tena kwa ufasaha kuliko baadhi ya wasomaji wetu wanaokutana na majina ya Agano la Kale kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama mimbarini. Maandishi hayo yalichapishwa mara ya kwanza mwaka 1829 na Louis Braille, kijana asiyeona ambaye pia alipiga kinanda cha kanisa huko Paris. Yaani aliyewafungulia vipofu wa dunia mlango wa kusoma alikuwa na zamu kanisani kwake. Dada aliambiwa kwamba kitabu chake ni kikubwa, hakitakaa vizuri kwenye mimbari. Basi, na mimbari iongezwe ubao.

Mnazo nyimbo zetu pia, pengine bila kujua. Wimbo tunaoujua kwa Kiswahili kama "Usinipite Mwokozi" uliandikwa na Fanny Crosby, mwanamke wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1820, akapoteza kuona akiwa bado mtoto mchanga, na kuandika nyimbo za Injili zaidi ya 8,000 kabla ya kufariki mwaka 1915. Karne nyingi kabla yake, katika karne ya 4, Didymus aliyepofuka akiwa na umri wa miaka minne hivi alikuwa mwalimu wa shule maarufu ya Kikristo ya Alexandria, na Jerome, mtafsiri mkuu wa Biblia ya Kilatini, alijiita mwanafunzi wake. Kanisa la kale lilimpa kipofu theolojia aifundishe. Sisi tumeshindwa kumpa Zaburi ya 23 aisome.

3. Ngazi za madhabahuni.

Hili ni fupi. Ukumbi una njia ya mteremko mlangoni, asanteni. Madhabahuni kuna ngazi tu. Maana yake ndugu yetu wa kiti cha magurudumu anaweza kuingia kusikiliza, hawezi kupanda kuhudumu. Jengo lenyewe limetamka msimamo wetu kabla hatujafungua vinywa.

4. Viziwi wanahesabiwa kama wageni.

Kijana wetu kiziwi ameokoka, amebatizwa, na anataka kuwafundisha watoto viziwi wanaokuja na wazazi wao na kukaa kimya saa nzima wakitazama midomo ikienda. Alichoomba ni chumba kimoja wakati wa shule ya Jumapili, na mkalimani wa lugha ya ishara katika ibada kuu. Chumba alinyimwa kwa sababu hana mtu mzima anayesikia wa kumsimamia. Msimamizi anayesikia angesimamia nini katika darasa ambalo lugha yake haijui?

Mmarekani mmoja mweusi, Andrew Foster, alipoteza kusikia akiwa mtoto. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi huko Washington. Mwaka 1956 akaanzisha huduma ya Kikristo kwa viziwi, na mwaka uliofuata akafungua shule ya kwanza nchini Ghana. Hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1987, alikuwa amesaidia kuanzisha shule zaidi ya thelathini katika nchi nyingi za Afrika. Hakusubiri wanaosikia wamletee viziwi Injili. Aliibeba mwenyewe mikononi. Na mwaka 2020 Biblia nzima ilikamilika katika lugha ya ishara ya Marekani. Kwa hiyo anayesema kwamba "imani chanzo chake ni kusikia" inawafungia viziwi nje, aifikirie upya tafsiri yake.

5. Wasiojua kusoma.

Mama yetu huyu anazijua Zaburi nyingi kwa kichwa. Wagonjwa wakilala, yeye ndiye wanayemwita. Akina mama walipompendekeza aongoze kikundi cha maombi, jina lake lilikatwa kwa sababu kiongozi lazima aandike taarifa ya mwezi. Mjukuu wake yuko kidato cha pili, taarifa ingeandikwa. Hata Paulo aliandikiwa Waraka kwa Warumi na Tertio, tena Tertio anajitaja mwenyewe katika sura ya 16, na hakuna mtu aliyewahi kusema waraka ule si wa Paulo. Katika Matendo 4 wakuu walistaajabu walipotambua kwamba Petro na Yohana ni watu wasio na elimu. Walistaajabu, nasi tungewakata.

Wazee wetu, majibu yenu nayafahamu, maana mengine nimeshapewa.

Mtasema ibada ina heshima yake, na Walawi 21 inamzuia mwenye kilema asikaribie madhabahu. Inamzuia, kweli. Lakini sura hiyo inazungumza na makuhani wa uzao wa Haruni, na sijui ni nani kati yenu wa ukoo huo. Inawakataza pia kunyoa pembe za ndevu zao, na hilo hatujawahi kulijadili kikaoni. Hata humo ndani, mstari wa 22 unampa mwenye kilema haki ya kula vitu vitakatifu sana pamoja na ndugu zake. Tangu hapo pazia la hekalu limepasuka, towashi wa Kushi amebatizwa njiani bila kikao chochote, na Petro ametuita sisi sote ukuhani wa kifalme.

Mtasema kanisa tangu zamani limekuwa na utaratibu. Ni kweli, na unastahili kusomwa wote. Mkusanyo wa kale uitwao Kanuni za Mitume, wa karne ya 4, unasema katika kanuni ya 77 kwamba mtu aliyepungukiwa jicho au mwenye mguu mbovu, akistahili, awekwe kuwa askofu, kwa kuwa kinachomtia mtu unajisi ni uchafu wa nafsi, si kasoro ya mwili. Kanuni ya 78, sitaificha, inamkataza kiziwi na kipofu uaskofu. Ila inatoa sababu: si kwamba wamenajisika, bali shughuli za kanisa zisikwame. Sababu ya zama zile ilikuwa ya kiutendaji. Kipofu wa karne ya 4 hakuwa na nukta nundu wala simu inayomsomea barua. Kiziwi hakuwa na mkalimani. Leo vipo. Sababu ikiondoka, katazo linabaki limeshikilia nini? Kanisa Katoliki, ambalo sheria yake ya mwaka 1917 iliwazuia wenye kasoro za mwili kupata upadre iwapo hazikuwaruhusu kuhudumu altareni kwa usalama au kwa heshima, liliiondoa kanuni hiyo ilipotoka sheria mpya ya mwaka 1983. Utaratibu wa kanisa hubadilika pale viongozi wanapotaka.

Mtasema fedha hazitoshi. Kuniweka mimi kwenye zamu hakuna gharama. Kumruhusu dada asome hakuna gharama. Chumba cha watoto kipo na hukaa kimefungwa. Ngazi na mkalimani ndivyo vinavyohitaji fedha, na kwa hivyo viwili tuko tayari kusubiri, mradi tuvione ndani ya bajeti na si ndani ya maombi ya kufunga mwaka.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu linatoka katika moyo mwema: kwamba mnatulinda tusiaibike. Baba Mchungaji, mimi nimekwama mbele ya watu tangu darasa la kwanza. Nimechekwa na wataalamu wa kucheka. Hakuna aibu iliyobaki ya kunilinda nayo. Mnayelindwa, nadhani, ni ninyi, ile dakika moja ya kimya mtu anapopambana na neno na kila mmoja anatazama viatu vyake. Mkiizoea dakika hiyo haitawaua.

Wala hatuombi upendeleo. Asiye na sauti ya kuimba asiwekwe kwaya kwa sababu ni kipofu. Mhubiri mwenye kigugumizi anayehubiri uongo anyamazishwe kama mwingine yeyote. Tupimeni kwa karama, kwa mwenendo, kwa mafundisho sahihi. Kipimo hicho hakijawahi kutumika kwetu. Tumepimwa kwa macho, kama Samweli alivyotaka kumpima Eliabu kwa kimo chake kabla Bwana hajamzuia.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

Kwanza, vigezo vya kupangiwa zamu viandikwe na kubandikwa pale pale orodha inapobandikwa, ili anayeachwa ajue ameachwa kwa lipi.

Pili, kila aliyehitimu mafunzo na kuwekewa mikono aingie katika orodha inayofuata, na dada yetu apewe somo la kusoma.

Tatu, wahudumu wakatazwe kumpeleka mtu mbele kuombewa bila ridhaa yake, na wageni wanaoalikwa waelezwe hivyo kabla ya kupewa kipaza sauti.

Nne, kijana wetu apewe chumba, na mama aruhusiwe kuongoza kikundi huku mwingine akiandika taarifa.

Tano, katika kamati itakayojadili njia ya madhabahuni na ukalimani, wawemo wanaovihitaji. Si kama mashahidi wa kuhojiwa. Kama wajumbe wenye kura.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu wa washirika. Yasipofika, tutaomba jambo hili liwe ajenda mkutanoni, na mimi ndiye nitakayesimama kulieleza. Naomba basi muda wa kutosha utengwe.

Wenu katika Kristo,

Mshirika wenu, mhubiri mlei asiye na zamu, pamoja na wenzake wanne